Mwongozo wa Kukusanya na Kuthamini Komiki za Zamani Zilizochapwa Upya Nje ya Marekani

Maswali ya wanaoanza kukusanya komiki za kigeni hayabadiliki. "Nimepata Spider-Man ya Kihispania, ni ya bei gani?" "Mbona hii Superman haina rangi ndani, ni feki?" "Mbona namba ya jalada hailingani na ya Marekani?" Yote yana majibu, na majibu yenyewe hayahitaji utaalamu mkubwa. Yanahitaji utaratibu na subira. Utaratibu ninaoufuata ndio huu.

Kabla ya yote shika hili: thamani ya toleo la kigeni haitokani na bei ya nakala ya Marekani. Action Comics namba 1 ya Juni 1938, ile iliyomleta Superman, imeuzwa kwa mamilioni ya dola. Hilo halikuambii lolote kuhusu chapa ya Brazili au ya Italia yenye shujaa huyohuyo. Toleo la kigeni lina mchapishaji wake, watoto waliolisoma wakakua nalo, na watu wanaolitafuta leo kwa hamu. Bei hupangwa na hao. Anayechukua bei ya Marekani na kuigawa kwa kumi atakosea daima: ama atalipa kupita kiasi, ama ataachia kitu adimu kwa bei ya kutupa.

Andaa vitu hivi kwanza

- Rula ya sentimita. Ukubwa wa kitabu hutoa siri nyingi kuliko jalada.
- Lenzi ya kukuzia, angalau mara kumi.
- Tochi ya mwanga wa urujuanimno, kwa nakala zinazodaiwa kuwa za kabla ya 1950.
- Mifuko ya plastiki ya polipropilini au Mylar, na kadibodi zisizo na asidi. Usinunue mifuko mpaka umepima vitabu vyako.
- Daftari au jedwali la kompyuta la kuorodhesha kila nakala.
- Intaneti, kwa ajili ya Grand Comics Database. Hazina hiyo ya taarifa ilianzishwa mwaka 1994 na wapenzi wa komiki wanaojitolea, na ni bure. Utaitumia kila siku.
- Mikono safi na mikavu. Glavu za pamba hazisaidii sana, kwani hukupunguzia hisia za vidole na ndipo kurasa zinapochanika.

Hatua ya 1: Hakikisha ulichoshika ni chapa ya kigeni

Hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa hiyo usiharakishe. Kuna vitu vinne vinavyofanana kwa macho lakini ni tofauti kabisa sokoni.

Cha kwanza ni nakala ya Marekani yenye bei ya nchi nyingine. Katika miaka ya 1960 na 1970, kampuni ya Marvel ya Marekani ilikuwa ikichapa sehemu ya nakala zake kwa bei ya Uingereza jaladani, mfano 9d (peni tisa za zamani) badala ya senti 12. Mtambo ni uleule, wakati uleule, karatasi ileile. Hiyo si chapa ya marudio hata kidogo. Amazing Fantasy namba 15 ya Agosti 1962, ambamo Spider-Man alionekana mara ya kwanza, ipo yenye 9d jaladani, na ni nakala ya toleo la kwanza sawasawa na nyingine. Kanada nayo ilipata nakala za Marekani zenye bei yake katika miaka ya 1980.

Cha pili ni nakala ya kawaida ya Marekani iliyogongwa muhuri wa bei na msambazaji. Mihuri ya mviringo ya Thorpe & Porter wa Uingereza ndiyo inayojulikana zaidi. Muhuri haufanyi kitabu kuwa cha Kiingereza. Ni wino tu juu ya jalada la Marekani.

Cha tatu ndicho tunachokitafuta: kitabu kilichochapwa na mchapishaji wa nchi nyingine kwa leseni, kikiwa na hadithi za Marekani, zilizotafsiriwa au zilizoachwa kwa Kiingereza.

Cha nne ni mchanganyiko, na ndicho kitamu kuliko vyote. Kampuni ya La Prensa ya Meksiko ilikuwa ikichapa Spider-Man kwa jina la El Sorprendente Hombre Araña. Huko Marekani Gwen Stacy, mpenzi wa Spider-Man, aliuawa katika Amazing Spider-Man namba 121, Juni 1973. Meksiko ikawa na hadithi zake, zilizochorwa na José Luis González Durán, na ndani yake Gwen yu hai. Hadithi hizo haziko popote katika mfululizo wa Marekani. Ndiyo maana anayesema "chapa ya kigeni ni marudio tu" amejinyima mengi.

Ili kutofautisha, fungua ukurasa wa kwanza au jalada la ndani, usome maandishi madogo ya mchapishaji. Ukikuta kampuni ya Marekani na maneno kwamba kimechapwa Marekani, uko kwenye kundi la kwanza au la pili. Ukikuta Editorial Novaro ya Meksiko, EBAL ya Brazili, Ediciones Vértice ya Hispania, LUG ya Ufaransa, Editoriale Corno ya Italia, Williams ya Ujerumani, K. G. Murray ya Australia au Éditions Héritage ya Quebec, endelea na hatua inayofuata.

*Angalizo:* kutokuwa na rangi ndani si dalili ya ughushi. K. G. Murray, Vértice, Héritage na Alan Class wa Uingereza walichapa kurasa nyingi za ndani kwa nyeusi na nyeupe. Ilikuwa nafuu, basi.

Hatua ya 2: Tafuta mwaka

Wachapishaji wengi hawakuandika tarehe jaladani. Usikate tamaa, ushahidi upo.

Ufaransa: tafuta maneno *dépôt légal*, yakifuatiwa na mwezi au robo ya mwaka. Karibu nayo utaona rejea ya sheria ya tarehe 16 Julai 1949 ya machapisho ya vijana. Huo si mwaka wa kuchapwa! Wauzaji wengi huunakili wakadai kitabu ni cha 1949.

Hispania: tafuta *Depósito legal*, kisha herufi ya mkoa, namba na mwaka. "B." ni Barcelona, na tarakimu za mwisho ndizo mwaka.

Uingereza: angalia bei. Fedha yao iliingia mfumo wa desimali tarehe 15 Februari 1971. Bei yenye "d" au shilingi ni ya kabla ya hapo au ya wakati huohuo wa mabadiliko. Bei yenye "p" (peni mpya) peke yake ni ya baadaye. Australia ilifanya hivyo mapema zaidi, tarehe 14 Februari 1966.

Brazili: alama ya fedha inatosha kukupa kipindi. NCr$ ni ya kati ya 1967 na 1970.

Halafu tumia akili ya kawaida. Msimbopau haukuwapo kwenye komiki kabla ya katikati ya miaka ya 1970. "Toleo la 1965" lenye msimbopau au anwani ya tovuti ni la juzi.

Hatua ya 3: Jua hadithi zilizomo

Namba ya jalada la kigeni haina uhusiano na namba ya Marekani. Mchapishaji mmoja aliunganisha hadithi tatu katika kitabu kimoja, mwingine aliigawa hadithi moja katika wiki mbili. The Mighty World of Marvel namba 1 ya Uingereza, ya Oktoba 1972, ina mianzo ya Hulk, Fantastic Four na Spider-Man pamoja, wakati Marekani vilikuwa vitabu vitatu tofauti.

Ingia Grand Comics Database, tafuta kwa jina la kigeni na namba. Majina hubadilika, na usipoyajua hutapata kitu: L'Uomo Ragno kwa Italia, Homem-Aranha kwa Brazili, Die Spinne kwa Ujerumani, Hämähäkkimies kwa Finland. Superman wa Mondadori nchini Italia aliitwa Nembo Kid kwa miaka mingi. Andika kwenye jedwali lako toleo la Marekani lililozaa kila hadithi, maana wanunuzi wengi hutafuta "mara ya kwanza kuonekana kwa fulani katika nchi fulani", na ni wewe utakayeng'amua kwamba kitabu kisicho na jina kina hadithi hiyo ndani.

Kama kitabu hakimo kwenye hazina hiyo, linganisha ukurasa wa kwanza wa hadithi na ule wa Marekani. Fremu zinaweza kuwa zimekatwa na kupangwa upya. Vértice ilifanya hivyo ili hadithi ziingie kwenye vitabu vyake vidogo, na LUG ilifuta au kulainisha picha za ukali kwa kuogopa wadhibiti. Jarida lake la Fantask la 1969 lilikufa baada ya matoleo saba. Mabadiliko hayo si kasoro ya nakala yako. Ni sehemu ya kile ulichonunua. Na Vértice, kwa upande wake, ilikuwa na majalada mapya yaliyochorwa kwa rangi na Rafael López Espí. Wapo wanaonunua kwa ajili ya majalada hayo tu, na kwa kweli yanastahili.

Hatua ya 4: Hesabu kila kitu

Chukua kitabu, kilaze mezani, fungua taratibu ukurasa mmoja baada ya mwingine. Hesabu kurasa. Usiamini namba zilizochapwa, kwani katika vitabu vingi jalada halihesabiwi. Angalia karatasi ya katikati: pini mbili zinapaswa kuishika imara. Ikiwa imelegea, inua kidogo uone matundu ya pini. Matundu mawili tu yaliyopanuka ni uchakavu wa kawaida. Matundu manne maana yake pini zilitolewa zikarudishwa, na huenda karatasi hiyo ilitoka kwenye nakala nyingine.

Sasa tafuta vilivyokatwa. Majarida ya kila wiki ya Uingereza yalikuwa na kuponi, na watoto walizikata kama walivyoambiwa. Inua kila ukurasa dhidi ya mwanga: shimo la mraba upande wa tangazo huwa limekula na fremu ya hadithi upande wa pili. Matoleo ya kwanza ya majarida mengi yalikuja na zawadi: stika, bango, karatasi ya kupigia pasi kwenye fulana. Nakala yenye zawadi yake huuzwa kwa bei tofauti kabisa na isiyo nayo, na kwa majarida mengine zawadi ni adimu kuliko jarida lenyewe. Newton Comics wa Australia, waliochapa Marvel mwaka 1975 na 1976, walitia mabango ndani ya vitabu. Lipo au halipo, liandike.

*Angalizo kwa nakala za Ufaransa:* wachapishaji walikusanya matoleo yaliyobaki bila kuuzwa, wakayafunga pamoja chini ya jalada jipya. Mara nyingine majalada ya awali yamo ndani, mara nyingine yameondolewa. Ni bidhaa halali ya mchapishaji, ila usilipie bei ya matoleo ya mojamoja, na kamwe usiyachane kuyatenganisha.

Hatua ya 5: Pima hali

Tumia kipimo cha 0.5 hadi 10 (10 ndiyo bora kabisa) kinachotumiwa na CGC, kampuni ya kupima komiki iliyoanza kazi mwaka 2000. Anza na mgongo, kisha pembe, pini, rangi ya karatasi, mwishowe maandishi na stika.

Kwa chapa za kigeni, kuwa mkali ila usiwe mkatili. Karatasi nyingi zilikuwa za chini kabisa, majalada mepesi, na nyingine zilifungwa kwa gundi iliyokauka zamani. Nakala ya 6.0 ya mfululizo fulani inaweza kuwa miongoni mwa nzuri zaidi zilizobaki. Nchini Uingereza wauza magazeti waliandika kwa penseli jina au namba ya nyumba ya mteja juu ya jalada. Hiyo ni kasoro, lakini ni ya kawaida mno na wakusanyaji wa huko huivumilia. *Usifute.* Raba hung'oa rangi, na alama ya kufuta huonekana vibaya kuliko penseli.

Hatua ya 6: Kadiria thamani

Kanuni ya kwanza: bei inayoombwa si bei. Tazama mauzo yaliyokamilika pekee. eBay ina kichujio cha vilivyouzwa. Kisha nenda soko la nchi husika, kwa sababu nakala nyingi hazivuki mpaka: Todocoleccion kwa Hispania, Mercado Livre kwa Brazili, Catawiki kwa Ulaya kwa ujumla. Heritage Auctions wa Dallas wanafaa kwa vitabu vikubwa. Tafuta kwa lugha ya huko. Muuzaji wa Milano haandiki "Italian Spider-Man".

Kanuni ya pili: tafuta angalau mauzo matatu ya toleo lilelile, katika hali inayokaribiana. Tupa lililo juu mno lisiloelezeka. Mara nyingi ni watu wawili walioshikana kwenye mnada usiku mmoja.

Kanuni ya tatu ni ya pale usipopata mauzo yoyote, jambo ambalo litakutokea sana. Pima kwa majirani. Tuseme una namba 14 ya mfululizo, na hujaona ikiuzwa. Namba 11, 12 na 17 zimeuzwa kati ya euro 15 na 20 zikiwa katika hali kama yako. Hiyo ndiyo sakafu. Sasa jiulize: ndani ya namba 14 kuna hadithi ya mara ya kwanza ya mhusika mkubwa? Angalia namba nyingine ya mfululizo huohuo yenye hadithi ya uzito kama huo iliuzwa kwa mara ngapi zaidi ya majirani zake. Ikiwa ni mara nne, una sababu ya kutaja euro 60 hadi 80. Andika makadirio kama kiwango, usiandike tarakimu moja, na andika tarehe.

Mambo yanayopandisha bei kweli: toleo la kwanza la mfululizo, mara ya kwanza ya mhusika katika nchi hiyo, jalada lililochorwa huko na halipo Marekani, hadithi za huko, zawadi kamili. Uadimu peke yake haupandishi kitu. Vipo vitabu vilivyobaki nakala chache mno na hakuna anayevitaka.

Namba 1 nayo si lazima iwe mwanzo wa jambo. Kampuni ya L. Miller & Son ya Uingereza ilipokosa hadithi mpya za Captain Marvel kutoka Marekani, ilimbadilisha kuwa Marvelman mwaka 1954 na kuendelea na hesabu ileile. Marvelman wa kwanza ni namba 25. Asiyejua hilo hupita juu yake akitafuta namba 1.

Hatua ya 7: Nunua

Omba picha za jalada la mbele, la nyuma, mgongo, karatasi ya katikati na maandishi madogo ya mchapishaji. Muulize muuzaji maswali matatu kwa maandishi: kurasa zote zipo? Kuna kilichokatwa? Kuna gundi au utepe? Akikwepa, mshukuru uondoke. Anza na mfululizo mmoja wa nchi moja. Mwenye mfululizo mmoja uliokamilika hujifunza na kuuza vizuri kuliko mwenye vitabu mia vya nchi ishirini.

Jihadhari na chapa za ukumbusho. Mwaka 1974 DC, mchapishaji wa Superman, ilitoa Famous First Edition ya Action Comics namba 1: nakala kubwa yenye jalada la nje linaloitambulisha, na ndani yake jalada linalofanana na la 1938. Waongo huondoa jalada la nje wakauza kilichobaki kama asili. Rula inamaliza ubishi. Toleo hilo lina urefu wa takriban sentimita 34, la asili halifiki 27.

Hatua ya 8: Hifadhi

Pima kila kitabu. Komiki ya kawaida ya Marekani ni takriban sentimita 17 kwa 26, majarida ya Uingereza ni makubwa zaidi, na vitabu vidogo vya Abril wa Brazili ni takriban 13 kwa 19. Kitabu kidogo ndani ya mfuko mkubwa huteleza na kujikunja pembe; kikubwa kikilazimishwa hupasuka mgongo. Epuka plastiki ya PVC. Visimamishe wima vikiwa vimebanana kiasi, mbali na jua na sakafu, mahali penye unyevu wa asilimia 40 hadi 50. Pini zikianza kutu, hewa yako ina unyevu mwingi.

Ukikwama

*Sioni tarehe popote.* Soma matangazo ya ndani na barua za wasomaji. Filamu, shindano lenye siku ya mwisho, au tangazo la toleo lijalo litakupa mwaka.

*Kitabu kinanuka uvundo.* Kitenge na vingine leo hii. Kiweke wazi kidogo ndani ya kasha kavu lenye mkaa maalumu wa kufyonza harufu (activated charcoal, si wa kuwasha moto) au magadi ya kuokea kwenye bakuli pembeni, bila kugusana na karatasi, kwa wiki kadhaa. Usianike juani. Ukiona ukungu wenye manyoya, kiache kabisa, hasara yake itahamia kwa vingine.

*Kuna utepe wa gundi mgongoni.* Uache. Kuutoa ni kazi ya fundi wa kuhifadhi karatasi, na gharama yake huwa kubwa kuliko kitabu. Utaje tu unapouza.

*Nashuku jalada ni la kunakiliwa.* Tumia lenzi. Uchapaji wa zamani una vitone vya rangi vilivyopangwa kwa mistari, na mara nyingi rangi haikukaa sawasawa na mstari. Nakala ya printa ina chembe zilizotawanyika, na hata mistari myeusi imejengwa kwa rangi. Kwa vitabu vya kabla ya 1950, washa tochi ya urujuanimno gizani: karatasi inayowaka buluu ni ya baadaye.

*Je, nikipeleke kupimwa na CGC?* Wanapokea matoleo ya kigeni. Lakini jumlisha ada, bima na usafiri wa kwenda na kurudi, ulinganishe na makadirio uliyofanya katika hatua ya 6. Kwa vitabu vingi vya kigeni hesabu haitoki. Peleka tu kile ambacho mnunuzi wa mbali hawezi kukulipa bila uhakika wa mtu wa tatu, na kabla ya kutuma, waeleze kwa maandishi nchi, mchapishaji na mwaka ili lebo itoke sahihi.

*Muuzaji na mimi hatuelewani lugha.* Tuma picha zako ulizochora mishale mahali unapotaka kuonyeshwa. Pini, mgongo na kuponi havihitaji mkalimani.